Tulivyofundishwa kusubiri Part 2

Wadau, leo naomba niandike kama mtazamaji tu. Nina hasira kidogo, ila nitajitahidi zisinitoe kwenye hoja.

Kila mwenye king'amuzi nyumbani anaijua hii. Gari linafika getini, linapiga honi. Mlinzi anafungua geti polepole. Gari linaingia, linapaki, mama anashuka, anatembea mpaka barazani, anavua viatu. Anaingia ndani na kumkuta mume kakaa kwenye kochi. Wanatazamana. Muziki unapigwa. Kamera inakwenda kwa mume, inarudi kwa mke, inakwenda kwa mume tena. Tangazo. Tukirudi kwenye tangazo mke anauliza, "Umekula?" Na hapo sehemu ya leo inakwisha.

Natania, lakini si sana.

Kulalamika kwamba filamu na tamthilia zetu zimeshuka imekuwa kama salamu. Saluni utayakuta malalamiko hayo, kwenye daladala utayakuta, kijiweni ndiyo usiseme. Na sababu zinazotolewa ni zile zile: waigizaji wa siku hizi hawana kipaji, wanachaguliwa kwa sura na kwa wingi wa wafuasi Instagram, wakipata jina kidogo wanalewa sifa. Mimi sababu hizo hazinitoshi. Kipaji hakiishi nchini kama maharage kwenye gunia. Ukifuatilia historia unaona jambo jingine kabisa: tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kila aliyenunua kazi ya wasanii wetu alikuwa ananunua urefu. Hadithi ikawa inavutwa kama mpira wa manati ili itoshe kipimo cha mnunuzi. Kipimo hicho kimebadilika mara tatu, na kila kikibadilika sisi tunasubiri zaidi na kupata kidogo zaidi.

Turudi nyuma kwa haraka. Serikali ilianzisha Tanzania Film Company mwaka 1968. Mwaka 1974 ikatoka Fimbo ya Mnyonge, picha ya kuhubiri Ujamaa, na mwaka 1985 ikaja Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mwalimu wetu wa sanaa za maonyesho pale Mlimani, Amandina Lihamba, yumo ndani. Picha nzima ina dakika 36. Ndani ya dakika hizo 36 kuna mwanamke mgonjwa, mume anayehangaika, hospitali inayoshindwa, mganga, na hofu ya mwanamke huyo kwa waganga. Inaanza, inakwenda, inakwisha. Leo dakika 36 zinatosha kumshusha mama kwenye gari.

Sisemi zile zilikuwa enzi za dhahabu. Picha zetu wenyewe zilihesabika kwa vidole, na Watanzania wengi hawakuziona. Waliokwenda sinema walikwenda kuona Wahindi, Wamarekani na baadaye makarate ya Hong Kong. Dar ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon, na tangu mwaka 1966 Drive-In ya kule Msasani, ambako watu walitazama wakiwa kwenye magari yao na wengine wakapiga chabo. Ubalozi wa Marekani uliojengwa baada ya bomu la 1998 umekaa kwenye kiwanja hicho. Huko kwenye kumbi ndiko tulikopata msamiati wote wa picha: steringi, adui, na ile kanuni kwamba steringi hafi.

Hadithi za Kiswahili zenyewe zilikuwa redioni. Pwagu na Pwaguzi walichekesha nchi nzima kupitia Radio Tanzania. Mwaka 1993 ukaanza mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mpenda wanawake, aliyekuja kulipa gharama ya maisha yake kwa UKIMWI. Ulikuwa mchezo wa kuelimisha, umepangwa na wataalamu, lakini watu waliusikiliza kwa sababu Mkwaju alikuwa na kesho. Alichofanya leo kilimrudia baadaye. Naomba mkikumbuke kitu hiki, maana ndicho kilichokuja kupotea.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayoipenda. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 70. Bara tulisubiri mpaka 1994, ndipo ITV na wenzake wakaingia hewani. Kituo kikishakuwepo kinahitaji kitu cha kuonyesha, na hapo ndipo vikundi vya maigizo vikapata mlango: Mambo Hayo, halafu Kaole. Wenye umri wangu tulikuwa wadogo, lakini nani asiyekumbuka siku ya Kaole? Jahazi, Dira, Zizimo, Tufani, Gharika, Baragumu. Majina ya neno moja, Kiswahili kitupu, na kila moja linakupa picha kichwani kabla mchezo haujaanza.

Ukiwatazama leo kwa jicho la ufundi utacheka. Taa mbaya, sauti mbaya, jogoo anawika katikati ya mazungumzo ya huzuni. Lakini kulikuwa na kikundi. Neno hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kikundi maana yake ni watu wanaofanya mazoezi pamoja, mzee na kijana, kabla kamera haijawashwa. Bi Hindu, Muhogo Mchungu, Mzee Jongo na Swebe walikuwa wanasimama mbele ya vijana wanaojifunza, na kijana akicheza vibaya anaambiwa hapo hapo. Steven Kanumba alipita humo. Vincent Kigosi tuliyemwita Ray alipita humo. Blandina Chagula tuliyemwita Johari alipita humo. Elizabeth Michael, yaani Lulu, alianza humo akiwa mtoto mdogo. Karibu kila uso uliokuja kutawala kava za CD miaka kumi iliyofuata ulipikwa kwenye jiko lile lile.

Na nusu saa ile ilikuwa lazima ibebe kitu. Wiki ijayo ilikuwa mbali, kwa hiyo kabla ya majina ya mwisho kupita mtu alikuwa ameshafumaniwa, ameshafukuzwa au ameshakufa.

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend. Zilikuwepo picha za video kabla yake, Shamba Kubwa ya mwaka 1995 ikiwa mojawapo, lakini wengi wanahesabu Girlfriend kuwa ndiyo iliyofungua pazia. Mwongozaji George Tyson, mzaliwa wa Kenya aliyefanya maisha Bongo, aliwachukua wasanii wa Bongo fleva kina TID akawachanganya na waigizaji kina Monalisa. Ilikuwa akili kubwa. Vijana walioimba mapenzi ya mjini wakaonekana wakiyaishi. Mussa Banzi naye akaja na za kutisha, Nsyuka na Shumileta, mizimu na majini ya kwetu, bila kumwiga mtu wa Hollywood. Kwa miaka miwili mitatu ilionekana kama tumepata njia.

Halafu likaja duka.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ilipo hoja yangu. Picha zilianza kuuzwa kwa kanda za video, kisha kwa CD. Ile CD ya picha inabeba dakika 74 hivi, zikizidi sana 80. Hicho ndicho kipimo cha kwanza. Wanaijeria, waliokuwa wametutangulia tangu Living in Bondage ya mwaka 1992, walikuwa wameshazoea kuuza hadithi moja kwa mafungu, na kanda zao zilijaa Kariakoo. Msambazaji wa Dar akapiga hesabu yake: kwa nini niuze mara moja kitu ninachoweza kuuza mara mbili? Ndipo kava zikaanza kuandikwa Part 1 na Part 2. Hadithi ya dakika 80 ikawa lazima ifike 140. Mtunzi hakuongezewa matukio, aliongezewa dakika. Zile safari za gari, yale mageti, yale macho ya kutazamana, ndiko yalikozaliwa. Part 1 inakatikia mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango, na wewe unatoa hela tena ili umwone akikizungusha.

Mfumo wa malipo ukamalizia kazi. Kwa kawaida msambazaji aliinunua picha jumla, na haki zake zote, kwa fedha ya mara moja. Steps Entertainment ndiyo iliyokuja kuwa kubwa kuliko wote, lakini utaratibu huo haukuwa wake peke yake. Nakala ziuzwe elfu moja au laki moja, msanii ameshapewa chake. Sasa jiweke kwenye nafasi yake. Ukitengeneza picha nzuri hupati zaidi. Ukiongeza mwezi wa mazoezi unajikata mwenyewe. Njia pekee ya kula vizuri ni kutengeneza nyingi, upesi, na kila moja iwe na mafungu mawili. Mafundi wa nyumba wana neno lao: kulipua. Picha ikapigwa kwa wiki moja au mbili kwenye nyumba ya kuazima, na ndiyo maana makochi yale yale tuliyaona kwenye picha nyingi mpaka tukayazoea kama ya kwetu. Mazoezi yakafa kimya kimya. Vikundi navyo vikafa, maana nani akae kikundini akigawana posho wakati jina lake peke yake linauza?

Kanumba alikuwa mtoto wa mfumo huo na pia alikuwa anasukumana nao. Mwaka 2006 akaenda Nigeria ikatoka Dar to Lagos, baadaye akacheza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Majina ya Kiingereza yalinikera na yananikera mpaka leo: Oprah, Off Side, Big Daddy, Young Billionaire, picha za Kiswahili zilizovaa fulana za watalii. Kutoka Gharika na Tufani! Lakini mpeni haki yake. Uncle JJ na This Is It, alizocheza na watoto, zina uhai, kwa sababu watoto wale walikuwa wanamsikiliza kweli naye alikuwa anawajibu kweli. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Waliokuwepo Dar wiki ile wanakumbuka umati wa Leaders Club na wa makaburi ya Kinondoni. Hakuna mwigizaji wetu aliyewahi kuzikwa vile.

Baada yake vifo vikafuatana. Sharo Milionea, Novemba 2012, ajali ya gari Muheza. Sajuki, Januari 2013, baada ya kuugua muda mrefu huku mashabiki wakichangishana fedha za matibabu. Mei 2014 ndani ya mwezi mmoja tukawapoteza mwongozaji Adam Kuambiana, mwigizaji Recho Haule, na George Tyson mwenyewe kwa ajali ya gari Morogoro. Wengi husema tasnia ilikufa na Kanumba. Mimi nadhani misiba ile ilifunua kitu kilichokuwepo tayari. Mtu anayejulikana mpaka Kongo na Burundi anachangiwa hela za hospitali, kwa sababu picha zake zote ameshaziuza jumla.

Kipimo cha pili kilikuja na king'amuzi. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na antena ya juu ya bati ikawa pambo. Desemba 2013 ikaingia Azam TV. CD zenyewe zilikuwa zinakufa. Serikali ilileta stempu za kodi mwaka 2013 ili kukusanya mapato na kuzuia nakala za wizi, lakini kijana wa kwenye kibanda alikuwa anakujazia flashi picha kumi kwa bei ya chai na maandazi. Mnunuzi mpya wa hadithi akawa kituo cha kulipia: Maisha Magic Bongo ya DStv, Sinema Zetu ya Azam. Tukapata tamthilia ndefu za kina Huba, Jua Kali na Kombolela. Ninafurahi kwamba watu wanalipwa kila mwezi, nasema kwa dhati. Wapiga picha wamekuwa hodari, sauti inasikika, majogoo yamenyamaza. Ila mkataba wa tamthilia unahesabiwa kwa sehemu na misimu. Tumetoka kwenye mafungu mawili tukaenda kwenye mia mbili. Mhusika aliyekufa anafufuka kwa sababu msimu umeongezwa. Siri inayojulikana na mtaa mzima inafichwa kwa mtu mmoja kwa miezi sita. Mkwaju wa redioni angekuwa kwenye tamthilia ya leo, angekuwa bado anasubiri majibu ya kipimo.

Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela bila kulipiwa kodi. Kuhusu kodi walikuwa na haki. Msanii wa hapa alikuwa ananunua stempu, mwenye kanda ya Kikorea alikuwa hanunui. Lakini majibu ya watazamaji mitandaoni yaliwaumiza kuliko hasara yenyewe. Watu waliwaambia waziwazi: tengenezeni vizuri, tutanunua.

Na filamu za nje hazikuanza kutunyang'anya juzi. Kwenye vibanda vya video uswahilini, Lufufu na DJ Mark walikuwa wanashika kipaza sauti na kuisimulia picha ya Kinaijeria au ya Kimarekani kwa Kiswahili, wakitia chumvi, wakimpa steringi majina ya mtaani. Mwaka 2011 TBC ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake hapa Dar mwezi Machi 2013. Azam wakaja na Waturuki: Sultan, Ertugrul. Nyumba ngapi usiku zilinyamaza kwa ajili ya Sultan!

Hapa mtu anaweza kunibana, na ana haki. Hao Waturuki nao wanavuta. Sehemu moja kule kwao inakaribia saa mbili, imejaa macho ya kutazamana kuliko yetu. Kweli. Lakini pale mtu akitazamwa, anayemtazama ana sumu mkononi. Kuna chumba cha waandishi nyuma ya macho yale. Kwetu mara nyingi mtunzi, mwongozaji na steringi ni mtu mmoja, na alfajiri anatafuta pia mafuta ya jenereta.

Ushahidi kwamba tunaweza upo. Siri ya Mtungi, ya mwaka 2012 na 2013, ndiyo tamthilia bora ya Kiswahili niliyowahi kutazama. Yule mpiga picha Cheche na mkewe Cheusi ni watu ninaowajua. Ililipiwa na fedha za msaada wa Marekani kwa ajili ya elimu ya afya, na hilo linanichekesha na kuniuma pamoja. Aliyekuja kununua ujumbe alitupa hadithi, waliokuja kununua hadithi walitupa mageti. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitoa Vuta N'kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania kuingia tamasha la Toronto, na mwaka 2022 nchi ikaipeleka kuwania Oscar. Kabla yake tuliwahi kupeleka moja tu, Maangamizi, mwaka 2001, na humo tena yumo Lihamba. Vuta N'kuvute inasimulia Zanzibar ya miaka ya 50 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Wengi walioiona hapa nyumbani waliiona kwenye kumbi za mijini, kwa tiketi ambayo mpenzi wa Kaole wa Mbagala hawezi kuinunulia familia nzima.

Kipimo cha tatu tunacho mkononi. Vijana wengi wanaoigiza sasa wanarusha kazi zao YouTube na TikTok, na humo mnunuzi ni tangazo linalohesabu umetazama dakika ngapi na umerudi mara ngapi. Wengine wana vipaji vya kutisha, wepesi wa maneno kuliko wote niliowataja. Hadithi yenyewe inakatwa vipande vya dakika mbili, kila kimoja kinaishia kwenye kofi au mlango unaogongwa, na chini imeandikwa kwamba Part 2 iko kwenye ukurasa wake. Kuna moja ya baba mkwe na boda boda ambayo imenishika kabisa. Nimefika Part 9. Part 10 haijawekwa.